Maswali na majibu: "Dissociate" au "disassociate"?

Shikamoo mwalimu. Niliandika "I disassociate myself from that statement", msahihishaji akafuta kitenzi changu na kuweka "dissociate". Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea popote. Vitenzi vyote viwili ni sahihi, vyote vina maana ya kujitenga na mtu, kundi au kauli, na vyote hufuatwa na "from". Asili yao ni neno moja la Kilatini, *socius*, yaani mwenzi. Ila "dissociate" kimetoka moja kwa moja katika kitenzi cha Kilatini *dissociare*, na "disassociate" kimeundwa kwa kutanguliza "dis-" mbele ya "associate". Wahariri wengi hupendelea kile kifupi, nami pia. Lakini upendeleo si kanuni, na inaniuma mwanafunzi anaponyimwa alama kwa sababu yake.

Kwa hiyo naweza kutumia chochote, popote?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Katika kemia ni "dissociate" peke yake. Chumvi ya mezani ikiyeyuka katika maji, hutengana na kuwa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na ioni za kloridi; kwenye mtihani andika "sodium chloride dissociates". Msweden Svante Arrhenius alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1903 kwa nadharia ya utengano huo, na tangu hapo istilahi haijayumba. Saikolojia nayo imeshika njia hiyo hiyo: "dissociative identity disorder" ndilo jina rasmi la ugonjwa wa mtu kuwa na nafsi zaidi ya moja katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani tangu mwaka 1994.

Mbona ruta yangu inaandika "disassociated"?

Kwa sababu Wi-Fi ilichagua kile kirefu. Kiwango cha IEEE 802.11, yaani kanuni za kiufundi za Wi-Fi, kilichotolewa kwanza mwaka 1997, huita "association" kitendo cha simu au kompyuta kujiunga na kituo cha mtandao. Kuvunja muungano huo ni "disassociation". Usimsahihishe fundi: hapo "dissociated" ndiyo ingekuwa kosa.

Tahajia inanichanganya. Nisaidie.

"Dissociate" ina s mbili mara baada ya "di". "Disassociate" ina s moja, kisha a, ndipo zinafuata s mbili. Ukijikuta umeandika "dissasociate", futa. Kwa matamshi, mkazo wa vyote viwili uko kwenye silabi ya "so".