Uliza Ujibiwe: Darasa Langu Linataka Kutunga Kitabu cha Viumbe wa Pwani

SWALI: Asalaam alaykum mhariri. Mie nasomesha darasa la tano huku Jambiani, Unguja. Watoto wamenishika, wanataka tutengeneze kitabu chetu wenyewe cha viumbe wa pwani, kila mtoto na ukurasa wake. Nilitoa picha kwenye intaneti lakini nyingi za Ulaya, watoto wanasema "hawa kwetu hawapo mwalimu". Nianzie wapi? Na usalama wao je?

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu. Hao watoto washakujibu, hizo picha ziweke pembeni. Kitabu kiwe cha kipande kimoja tu cha pwani, hapo hapo mnapoishi, na asiingie kiumbe ambaye hakuna mtoto aliyemuona kwa macho yake. Mkipata viumbe ishirini tu sawa, ishirini wa kweli ni kitabu kizuri sana.

Kwanza angalia mwezi. Nendeni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana ndo maji yanakupwa mbali, na bahati nzuri kwetu siku hizo yanakupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, muda wa skuli kabisa, ila kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi kwa hiyo panga mapema. Shukeni maji yakiwa bado yanatoka, na yakianza tu kurudi nanyi mrudi, msingoje, maana kule kwenu maji hujaza mikondo ya nyuma yenu wakati mbele bado pakavu.

Kila mtoto awe na penseli, rula na karatasi ngumu. Achore kwanza, jina baadaye! Mtoto akishajua jina anaacha kuangalia. Chukua mfano wa kiti cha pweza, yule mkubwa wa umbo la nyota mwenye vinundu vyekundu: mgeuze taratibu ndani ya maji, utaona mifereji mitano na ndani yake vijiguu laini vingi vinachezacheza vinatafuta pa kushika, na mdomo uko katikati chini. Mtoto aliyechora hivyo vijiguu hasahau. Halafu aandike alimkuta wapi (mchangani, kwenye nyasi bahari, chini ya jiwe, karibu na mashamba ya mwani), ukubwa, anafanya nini, tarehe, maji yalikuwaje. Hapo alipokutwa pana maana kuliko picha yenyewe, ndo inamsaidia msomaji mwingine akamtafute.

Majina waulizeni kina mama wanaochokoa pweza na wazee wavuvi, wanajua mengi na kuyaandika ni kuwapa heshima yao. Jina la kisayansi mnaweza kusaidiwa na programu ya iNaturalist, inayotambua viumbe kwa picha, ila tumia akaunti yako wewe mwalimu, sio ya watoto. Mkikosa jina andikeni "kaa, aina bado", hamna aibu.

Usalama sasa, hapa sicheki na mtu. Viatu kwa kila mtoto, kuna viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi na kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa, mwiba wake una sumu kali. Akichomwa mtoto, mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, upesi hospitali. Na konokono wa umbo la koni mwenye nakshi nzuri ASISHIKWE hata kidogo, anarusha jino lenye sumu, wapo wanaoweza kuua mtu mzima na dawa ya kuipinga sumu hiyo hakuna.

Jiwe mkiligeuza lirudisheni lilivyokuwa, wanaoishi upande wa chini jua linawaua.

SWALI: Mie mzazi wa Tanga. Mwanangu skuli wameambiwa walete makombe na kauri wapambe darasa. Kuna ubaya? Si matupu tu?

JIBU: Dada yangu, matupu machoni kwetu. Wale kaa wanaotembea na nyumba ya konokono mgongoni hawaoti gamba la kufunika tumbo lao, wanategemea hayo matupu, na wakikua wanahitaji kubwa zaidi. Tena kauri nyingi zinazong'aa zinaokotwa zikiwa hai, mnyama kajikunja ndani, harufu mtaisikia siku ya tatu. Mwombe mwalimu wapige picha waweke na rula pembeni, wabandike ukutani hizo picha. Na kama ni ndani ya hifadhi ya bahari, kuokota kwa kawaida hairuhusiwi.