Maswali na majibu: Nyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji) ikiingia ndani ya protoni, inagonga nini?

Nimejumlisha tungamo za kwaki tatu, chembe zinazounda protoni, u mbili na d moja, nikapata MeV 9 hivi (MeV ni kipimo cha nishati, na hapa cha tungamo). Protoni nzima ni MeV 938. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kwaki u ina MeV 2.2 hivi na d ina MeV 4.7, kwa hiyo tungamo zao ni kama asilimia 1 tu ya tungamo la protoni. Kinachobaki ni nishati: mwendo wa kwaki zilizobanwa katika nafasi yenye nusu kipenyo cha femtomita 0.84, na gluoni zinazozifunga. Humo ndani pia mna jozi za kwaki na antikwaki (pacha zao za antimata, zenye chaji kinyume) zinazozuka na kutoweka bila kukoma. Zishike akilini hizo antikwaki, maana zitatuhusu hapa chini.

Nyutrino haina chaji. Inazitambuaje kwaki?

Kwa nguvu dhaifu ya nyuklia, na humo ndimo thamani yake ilimo, kwa sababu nguvu hiyo inachagua. Nyutrino ya myuoni inapogeuka kuwa myuoni yenye chaji hasi (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi), inatoa chembe W, mbebaji wa nguvu hiyo, yenye chaji +1. Kwaki itakayoipokea lazima ipande chaji kwa 1. Kwaki d inaweza: inatoka −1/3 na kuwa u yenye +2/3. Kwaki u haiwezi, kwani ingefika +5/3, na kwaki ya namna hiyo haipo. Antinyutrino, pacha yake ya antimata, hufanya kinyume: hugonga u na kuigeuza d. Kwa hiyo miale miwili ya nyutrino inakuhesabia aina mbili za kwaki, kila mmoja ya kwake.

Elektroni haina uchaguzi huo. Hugonga kila chenye chaji, kwa uzito wa chaji katika kipeo cha pili: 4/9 kwa u, 1/9 kwa d. Wastani wake ni 5/18. Katika miaka ya 1970 vipimo vya elektroni vya maabara ya SLAC, Marekani, vililinganishwa na vya nyutrino kutoka kigunduzi cha Gargamelle katika maabara ya Ulaya ya CERN, na uwiano ukalingana na 5/18. Kwa maoni yetu huo ni miongoni mwa ushahidi mzuri kupita wote kwamba chaji za kwaki ni za sehemu.

Kwa nini antinyutrino hugonga mara chache kuliko nyutrino, karibu nusu?

Kwa nishati za makumi ya GeV (GeV 1 ni MeV 1,000), eneo la mgongano, yaani kipimo cha uwezekano wa kugongana, kwa kila nyuklioni (protoni au nyutroni) ni sm² 0.68 × 10⁻³⁸ kwa kila GeV ya nyutrino, na 0.33 × 10⁻³⁸ kwa antinyutrino. Tofauti hiyo inatokana na spini, yaani mzunguko wa asili wa chembe. Nyutrino ni ya mkono wa kushoto (spini yake inaelekea kinyume cha mwendo wake), antinyutrino ni ya kulia (spini inafuata mwendo), na W hushika kwaki za kushoto tu.

Tazama mgongano ukiwa mahali ambapo nyutrino na kwaki zinakutana kwa momenta sawa. Zikiwa zote za kushoto na zinaelekeana, spini zao zinafutana. Pembe yoyote ya kutokea inaruhusiwa. Antinyutrino na kwaki spini zao zinajumlika kuwa 1, hivyo kurudi nyuma moja kwa moja kunakatazwa. Katika hesabu kinaingia kizidisho (1 − y)², ambapo y ni sehemu ya nishati inayoachiwa kwaki. Kiintegreti kutoka 0 hadi 1, unapata 1/3.

Mbona basi tunapima karibu 1/2? Ni zile antikwaki. Kwao kanuni inageuka: antinyutrino inazigonga bila kizuizi, nyutrino ndiyo inayopunguzwa. Ita e uwiano wa momenta ya antikwaki kwa ile ya kwaki:

(1/3 + e) ÷ (1 + e/3) = 0.49

Unapata e kama 0.19. Yaani, kwa namba mbili za maabara na karatasi, umepima antikwaki ndani ya nyuklioni. Hesabu hii imeacha pembeni kwaki s (aina ya tatu ya kwaki), na inahitaji shabaha yenye protoni na nyutroni karibu sawa, kama chuma. Ukitumia haidrojeni utapotea: protoni ina u mbili kwa d moja, na antinyutrino inapata shabaha maradufu.

Nitajuaje kwaki iliyogongwa ilibeba sehemu gani ya momenta ya protoni?

Pima myuoni na nishati ya chembe nyingine zote. Chukua nyutrino ya GeV 100, myuoni ya GeV 60 iliyotoka kwa pembe ya nyuzi 3.

Q², kipeo cha pili cha momenta iliyohamishwa, = 4 × 100 × 60 × sin²(1.5°) = GeV² 16.4

Nishati iliyoachwa ni GeV 40. Basi x, ile sehemu ya momenta tunayoitafuta, = 16.4 ÷ (2 × 0.938 × 40) = 0.22, ambapo 0.938 ni tungamo la protoni kwa GeV. Kwaki ilibeba asilimia 22.

Matatizo huanzia kwenye ile 100. Hakuna anayeijua kabla ya mgongano. Ni jumla ya 60 na 40, na ile 40 hupungua kila nyutroni inapotoroka bila kuonekana. Ukiipima 36 badala ya 40, x inapanda hadi 0.23, ingawa Q² nayo imeshuka.

Je, kwa nyutrino za nishati ndogo zaidi, kama GeV 0.6 za jaribio la T2K nchini Japani, hesabu ni rahisi?

Ni ngumu zaidi. Hapo nishati hukadiriwa kwa myuoni peke yake, kwa kudhani nyutroni iliyogongwa imetulia. Ndani ya kiini cha oksijeni haitulii: momenta yake hufika kama MeV/c 220. Mara nyingine nyutrino hugonga nyuklioni mbili kwa pamoja, au pioni (chembe ya kwaki na antikwaki) huzaliwa na kumezwa na kiini kabla ya kutoka. Kigunduzi huona myuoni ileile, na nishati inakadiriwa chini ya ile ya kweli.

Kwa kuwa mgeuko wa nyutrino (kubadilika aina zikiwa njiani) hutegemea umbali ukigawanywa kwa nishati, kosa hilo huingia moja kwa moja kwenye vipimo vya mgeuko. Kigunduzi cha karibu, mita 280 kutoka chanzo, hupunguza kosa bila kulimaliza, kwa sababu kufikia kigunduzi cha mbali, kilomita 295, nyutrino zimekwisha kugeuka na mgawanyo wa nishati si uleule. Mradi wa nyutrino wa DUNE nchini Marekani utatumia elementi ya agoni, yenye protoni 18 na nyutroni 22. Hapo nyutrino na antinyutrino hazikuti shabaha sawa tangu mwanzo, na tofauti hiyo lazima iondolewe kwa nadharia ya kiini kabla ya mtu kudai kwamba mata na antimata zimetenda tofauti.