Mwanangu, kuhusu lile uliloniuliza

Mama yangu,

Meseji yako niliisoma usiku ule ule ila nikashindwa kupiga simu, maana ningelia na wewe ungedhani nakukataza. Umeniuliza, mama nina miaka 25, nina digrii ya ustawi wa jamii, najitolea hospitali miezi nane sasa nauli juu yangu, na kila nikipita wodini roho inanivuta huko, je nimechelewa kuwa daktari?

Kwanza kuna la kwangu. Form five ulitaka PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, mimi ndo nilikataa nikasema fizikia una C ya kuungaunga nenda HKL, historia, Kiswahili na kingereza. Niliogopa tu. Naomba unisamehe, na usinijibu haina shida mama, ina shida, miaka yako imeenda.

Sasa njia. Kwa HKL huingii MD, ile digrii ya udaktari, moja kwa moja, hapo usipoteze muda. Ila form four yako ina baiolojia, kemia na fizikia, hiyo inakuingiza diploma ya clinical medicine, yaani ya utabibu, miaka mitatu unatoka kliniko ofisa. Ukipata GPA ya maana ndo unaomba MD, na watakuangalia form four tena mpaka hesabu na kingereza, soma mwenyewe mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usisikilize watu wa kutafutia vyuo wanafunzi. MD ni mitano, alafu mwaka wa intan, wa mazoezi hospitalini, ndo Baraza la Madaktari Tanganyika wakusajili. Jumla tisa. Sikufichi ni mingi, na deni la bodi ya mikopo la digrii ya kwanza lipo palepale.

Ila ukimaliza ile mitatu ya kwanza tayari unatibu watu. Pale wilayani nilipofanya kazi, usiku mwingi mganga tuliyekuwa naye ni kliniko ofisa. Kuna siku leba, mama wa uzao wa nne, mtoto katoka salama alafu damu ikaanza kumwagika haisimami. Umeme hakuna, tochi ya simu nimeibana kwa meno, nimeshamchoma oksitosini ya kukaza kizazi, dripu mbili zinakimbia, yule kliniko ofisa, kijana wa watu, kaingiza mkono ndani ameminya kizazi mkono wa pili juu ya tumbo, jasho linamdondoka puani ananiuliza sista saa ngapi, baada ya muda tena sista saa ngapi. Hakutoa mkono mpaka damu ikakata. Yule mama alienda nyumbani na mwanae. Wiki ile ile tukampoteza mwingine, na kijana yule yule ambaye mkono haukumtetemeka akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya maabara, akashindwa kabisa kuwaambia ndugu. Nikaenda mimi.

Wewe hiyo unaiweza mwanangu. Ulinisimulia yule mzee aliyeletwa na bodaboda hana mtu, ukapiga namba zote za kwenye kidaftari chake, zingine hazipatikani, mpaka ukampata mpwa wake Nachingwea, na mzee alipofariki ni wewe uliyemwambia, ukabaki naye kwenye simu mpaka alipotulia ndo ukamuuliza nauli ya kuja unayo? Nimefanya kazi na madaktari wengi wenye mikono mizuri, wa kuuliza nauli ni wa kuhesabu. Hiyo miezi nane, na hiyo digrii unayoiona haina kazi, utaenda nayo wodini.

Kwaiyo nasema nenda. Ila kabla hujajaza fomu omba wakuruhusu ukae na manesi shifti ya usiku hata wiki moja, uone wanavyosafisha kidonda cha kisukari, uone na uchovu wa saa kumi alfajiri pale mgonjwa anapokutukana, maana ofisini kwenu mnafunga jioni. Ukirudi na bado unataka, nipigie.

Ada ya mwaka wa kwanza natoa kwenye kiinua mgongo, ile niliyotenga ya bati za nyumba ya uani, bati zitasubiri. Cheti chako cha form four nimekitoa sandukuni leo, pembeni kimeingia unyevu ila namba inasomeka na C ya fizikia inasomeka. Jumatatu nampa konda wa basi la asubuhi, kakipokee mwenyewe stendi usimtume mtu.

Mama