Maswali ya Wasomaji: Kupiga Ala na Kusikiliza Muziki wa Klasiki

Barua tulizopokea safari hii zimetoka kwa makundi mawili: wanaotaka kupiga ala za muziki, na wanaotaka kusikiliza muziki wa klasiki kwa kuuelewa. Nimeamua kuzijibu pamoja kwa sababu naamini kwamba kazi hizi mbili hufanywa na sikio lile lile, na kwamba anayeitenga moja na nyingine hujinyima sehemu kubwa ya faida ya zote mbili.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nimeimba kwaya tangu ujana wangu na ninasoma solfa, yaani do, re, mi, bila shida. Sasa nimeanza kujifunza piano, na mwalimu wangu ananitaka niachane kabisa na solfa nisome noti za mistari mitano. Najiona kama mtu asiyejua chochote. Je, ni lazima niitupe solfa?

JIBU: Ndugu mwanakwaya, usiitupe. Solfa unayoijua, ambayo iliasisiwa na mwalimu Mwingereza Sarah Glover na kuendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, ilikusudiwa tangu mwanzo kulifunza sikio uhusiano uliopo kati ya sauti moja na nyingine. Mtu aliyeimba kwa solfa kwa miaka mingi anajua, bila hata kufikiri, kwamba ti hutaka kupanda kwenda do na kwamba fa huelekea kushuka kwenda mi. Wapo wapiga piano wenye vidole vyepesi ambao hawana ujuzi huo, na mapengo yao husikika.

Hata hivyo mwalimu wako ana hoja. Muziki wa piano unaweza kudai sauti sita au saba kwa wakati mmoja, kisha ukahama ufunguo, yaani do ikahamia noti nyingine, mara kadhaa ndani ya ukurasa mmoja, na hapo maandishi ya solfa hulemewa. Mistari mitano humwonyesha mpigaji kwa jicho mahali ambapo sauti inapanda, inaposhuka na inapokaa, kwa mikono yote miwili, kabla hata hajazitambua noti moja moja.

Daraja la kuvukia lipo, nalo ni fupi kuliko unavyodhani. Tazama shapu (alama ♯ za kupandisha noti) zilizoandikwa mwanzoni mwa mstari: ile ya mwisho upande wa kulia ndiyo ti, kwa hiyo do ni noti inayofuata juu yake. Zikiwa ni flati (alama ♭ za kushusha noti), ile ya mwisho ndiyo fa. Shuka mi, re, do, nawe umefika. Kipande kikiwa katika maina, yaani ufunguo wenye sauti ya majonzi kuliko ule wa meja, makao yake yatakuwa la. Kila unapopewa kipande kipya, tafuta kwanza do iko wapi, imba mstari wa juu kwa solfa, ndipo uguse piano. Ukifanya hivyo, noti za mistari mitano zitakuwa na sauti kichwani mwako kabla vidole havijafika, na hilo ndilo lengo la kila msomaji wa noti.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 52. Nimenunua kinanda cha umeme chenye vitufe 61 ili nijifunze, lakini vidole vyangu ni vigumu, na baada ya muda kifundo cha mkono huuma. Watu wananiambia nimechelewa. Je, nitaweza siku moja kupiga muziki wa Bach, au najidanganya?

JIBU: Mama yangu, hujidanganyi. Mtoto anakuzidi kwa wingi wa miaka iliyo mbele yake na kwa kutoona haya anapokosea. Wewe unamzidi kwa kuelewa maelekezo, kwa kujua ni sauti gani unayoitaka, na kwa kuwa umekuja mwenyewe bila kusukumwa. Sitakuahidi kwamba utapiga konseto, yaani kazi ya ala moja ikiandamana na okestra, jukwaani. Ninachokuahidi ni kwamba upo muziki mwepesi kwa vidole ambao watu wenye ujuzi mkubwa hawauchoki.

Bach mwenyewe, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, alikuwa na daftari la nyumbani, lile alilompa mke wake Anna Magdalena mwaka 1725, ambamo familia ilikusanya vipande vya kupiga na kuimba. Minueti (muziki wa dansi) maarufu ya G meja iliyomo humo, ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ya Bach, imethibitika kuwa ya mtunzi mwenzake, Christian Petzold. Ianze hiyo, kisha uende kwenye vipande vya Bach mwenyewe. Robert Schumann alitunga albamu ya vipande kwa ajili ya vijana mwaka 1848. Béla Bartók naye aliandika Mikrokosmos, vipande 153 katika vitabu sita, vinavyoanzia kwa noti chache zilizo chini ya vidole vitano na kupanda taratibu hadi kazi ngumu za ukumbini. Kwa maoni yangu, hakuna mtunzi aliyemheshimu anayeanza kuliko Bartók, kwa sababu hata kile kipande cha kwanza kabisa kina wazo la kimuziki, wala si zoezi tupu.

Kuhusu mazoezi, dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa mbili mara moja kwa wiki. Wengi huanza kipande juu kabisa, hukwama pale pale walipokwama jana, hurudi juu na kuanza tena, na kwa njia hiyo hulifanyia kosa mazoezi hadi likakomaa. Chukua vipimo (visehemu vinavyotengwa na mistari ya wima) viwili au vitatu vinavyokusumbua, vipige mkono mmoja mmoja, kisha mikono yote kwa mwendo wa polepole kiasi cha kutokosea hata kidogo, halafu viunganishe na kipimo kilichotangulia na kinachofuata. Mwendo wa haraka huja wenyewe mkono ukishaijua njia.

Kinanda chako kinatosha kwa kuanzia, ila kichunguze jambo moja: ukigonga kitufe kwa upole na kisha kwa nguvu, je, sauti inabadilika? Piano, tangu Bartolomeo Cristofori alipoiunda huko Florence mnamo mwaka 1700, hufanya kazi kwa nyundo ndogo zinazopiga nyuzi, na kasi ya kidole ndiyo inayoamua ukubwa wa sauti. Katika hapsikodi, iliyotangulia, uzi ulidonolewa, na kidole hakikuwa na uwezo wa kuikuza au kuipunguza sauti kwa namna hiyo. Kinanda kisichoitikia nguvu ya kidole kitakunyima somo hilo, na chenye vitufe vyepesi mno hakitaujenga mkono wako. Ikiwa chako kiko hivyo, panga kukibadilisha mapema upate chenye vitufe 88 vilivyowekewa uzito.

Maumivu ni jambo la kusimamia mara moja. Misuli kuchoka ni kawaida. Kifundo kuuma si kawaida. Mara nyingi chanzo ni kiti kilicho chini mno, hata kifundo kikapinda, au mabega yaliyokazwa. Kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu yake kidogo. Schumann niliyemtaja aliharibikiwa mkono wa kulia akiwa kijana, akapoteza matumaini ya kuwa mpiga piano. Maumivu yasipoisha baada ya kupumzika na kurekebisha mkao, nenda kwa daktari.

SWALI: Napenda sana mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven, lakini baada ya dakika mbili napotea, na mawazo yangu huenda kwingine hadi mwisho. Wenzangu wanasema wanafurahia kazi nzima. Wanasikia nini ambacho mimi sikisikii?

JIBU: Wanakumbuka, hiyo ndiyo tofauti. Wimbo mfupi hukupa kiitikio kila baada ya muda mdogo, nawe huhitaji kubeba kitu. Simfoni ya nusu saa, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, inakutaka ubebe wazo dogo kutoka mwanzo hadi mwisho na kutambua kila linapotokea likiwa limebadilika. Jambo la kutia moyo ni kwamba umechagua kazi inayofaa kuliko nyingi kwa kujifunzia, maana wazo lake ni la noti nne tu: tatu fupi na moja ndefu.

Anza na sehemu ya kwanza peke yake, ambayo huchukua dakika saba au nane hivi, na kwa wiki nzima usisikilize sehemu nyingine. Mara ya kwanza, fuata zile noti nne tu. Utagundua kwamba haziondoki: fidla zinazipokezana, zinarundikana, zinapanda. Baadaye kidogo mabaragumu yanatoa mwito, kisha fidla zinaingia na wimbo laini ulio mbali kabisa na vurugu la mwanzo. Wasikilizaji wengi hudhani kwamba hapo zile noti nne zimekwisha. Sikiliza chini, kwenye selo na besi: zinaendelea kubisha wakati wimbo laini unaimbwa juu yake. Siku utakapozisikia hapo bila kuelekezwa, hutapotea tena katika sehemu hiyo.

Mara nyingine, fuata umbo. Beethoven, kama Haydn na Mozart kabla yake, anakuwekea mawazo yake mezani, na katika kazi hii anataka ukurasa huo wote urudiwe ili uyashike. Kisha anayachukua na kuyavunjavunja: mwito ule wa mabaragumu unapungua kuwa noti mbili, halafu moja moja, huku vyombo vya kupuliza na vya nyuzi vikijibizana kwa sauti inayofifia. Ndipo mwanzo unarudi kwa nguvu zote. Lakini haurudi vilevile, kwa kuwa mara tu baada ya kurudi, okestra nzima inanyamaza na oboi moja, ala ya kupuliza, inaimba peke yake sekunde chache, polepole, kama vile wakati umesimama. Naipenda oboi hiyo kuliko kitu kingine chochote katika sehemu ya kwanza, na haina maana yoyote kwa asiyekumbuka kilichokuwa hapo awali.

Ukishaimiliki sehemu ya kwanza, endelea na nyingine, ukijua mambo mawili. Katika sehemu ya tatu mabaragumu yanaleta tena mdundo wa tatu fupi na moja ndefu, na mwishoni mwake muziki unashuka hadi ngoma inagonga chinichini kwa muda mrefu. Usidhani imekwisha, kwa sababu sehemu ya nne inafumuka kutoka humo bila pumziko. Hapo ndipo tromboni, filimbi ndogo na kontrabasuni (ala ya kupuliza yenye sauti nzito), ambazo wapigaji wake wamekaa kimya muda wote huo, zinaingia kwa mara ya kwanza, na muziki ulioanza katika C maina unatoka kwenye C meja. Kazi hii ilipigwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika tamasha la takribani saa nne lililokuwa pia na Simfoni ya Sita, ndani ya ukumbi wenye baridi kali. Kama waliokuwamo walipotea njiani, sioni ajabu. Wewe una uwezo wa kurudia, ambao wao hawakuwa nao; utumie. Zima simu, kaa, na usiufanye muziki huu kuwa sauti ya nyuma ya kazi nyingine, angalau kwa wiki hizi chache.

SWALI: Nilipiga makofi katikati ya tamasha na watu wakanigeukia. Nitajuaje wakati unaofaa?

JIBU: Simfoni na konseto huwa na sehemu tatu au nne, na desturi ya leo ni kusubiri hadi sehemu ya mwisho. Mtazame kiongozi wa okestra: akishusha mikono na kuigeukia hadhira, piga. Lakini usijione mshamba, kwa kuwa ukimya huu ni desturi iliyokuja baadaye. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwamba hadhira ilipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake mpya, naye alifurahi, kwani alikuwa amekiweka kifungu hicho akijua kitawapendeza. Simfoni ya Saba ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza, mwaka 1813, wasikilizaji walidai sehemu ya pili irudiwe papo hapo.

SWALI: Binti yetu ana miaka tisa na amejifunza fidla kwa miaka miwili. Sasa analia kila wakati wa mazoezi na anataka kuacha. Je, tumlazimishe?

JIBU: Ndugu mzazi, kabla ya kuamua, chunguza fidla yenyewe. Watoto hukua, na fidla hutengenezwa kwa vipimo mbalimbali, robo, nusu, robo tatu na kamili. Iliyo ndogo au kubwa mno humbana shingo na mkono. Nyuzi zilizochakaa hutoa sauti mbaya hata kwa mwenye ujuzi. Mwalimu anaweza kuyakagua yote hayo kwa dakika chache.

Kisha fahamu ugumu wa chombo hiki. Shingo ya fidla haina vizuizi kama vya gitaa, hivyo kila noti hutafutwa na sikio, na kidole kikikosea kwa upana wa unyuzi sauti inaharibika. Katika miaka miwili ya kwanza sikio la mtoto hukua upesi kuliko mkono wake: anasikia kwamba sauti si nzuri na hawezi bado kuirekebisha. Kilio hicho huenda ni dalili ya sikio jema. Kinachomsaidia mtoto wa hali hiyo ni kupiga na wenzake, hata kama sehemu yake ni noti tatu tu, kwa sababu sauti ya kundi humbeba.

Siafiki kulazimisha kwa miaka, na siafiki kuacha katika mwezi mgumu. Kubalianeni naye amalize kipande alicho nacho na akipige mbele ya watu anaowapenda, mkipunguza mazoezi hadi dakika 10 kwa siku, na mmoja wenu akiketi naye kusikiliza bila kusahihisha. Akifika hapo na bado akataka kuacha, mruhusuni, na mumuulize kama upo mlio mwingine unaomvutia. Selo au klarineti huenda ikawa ndiyo yake, na miaka hii miwili haitapotea, kwa kuwa noti, mdundo na sikio atakwenda navyo kwenye ala hiyo mpya.