Maswali na Majibu: Makasia ya Vyuo Marekani na Hizi Konferensi

Stanford iko California. Mbona timu yao ya wanawake inashindana ACC, konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja) ya pwani ya Atlantiki? (Mzazi, Seattle)

Pesa za televisheni za mpira wa Kimarekani. Pac-12, konferensi yao ya pwani ya magharibi, ilipovunjika mwaka 2024, Stanford na Berkeley zilikwenda ACC, Washington na UCLA zikaenda konferensi ya Big Ten, na makasia yakaburutwa nyuma. Mashindano ya ACC yamekuwa yakifanyika Ziwa Hartwell, South Carolina. Boti ya watu wanane, takriban mita 17, hufunguliwa vipande na kupakiwa kwenye trela. Muulize kocha: mnasafirisha boti au mnaazima? Ya kuazima lazima ipimwe upya, hasa sehemu ya miguu na vyuma vya kushikia makasia. Wakiharakisha, mwenye miguu mirefu ndiye anayeumia mgongo.

Mwanangu wa kiume atafika fainali za NCAA?

Hapana, na swali hili limejibiwa hapa mara nyingi. NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, kina ubingwa wa makasia wa wanawake tu, tangu 1997. Wanaume wana ubingwa wao nje ya NCAA, wa IRA, chama cha makasia ya vyuo.

Ivy League (vyuo vinane vya kale, Harvard kikiwemo) wanatoa skolashipu kiasi gani kwa makasia?

Sifuri. Msaada hutegemea kipato cha familia. Wakala anayekudai ada akutafutie "skolashipu ya makasia" Harvard, mkimbie.

Timu ina wasichana zaidi ya sitini. Binti yangu atashindana kweli?

Hapo umeuliza. Kwenye ubingwa wa NCAA wa Divisheni ya Kwanza, daraja la juu, chuo hupeleka boti mbili za wanane na moja ya wanne. Pamoja na washika usukani, ni viti 23. Vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya wa kugawana mapato ya michezo na wachezaji vina kikomo cha wachezaji 68. Wingi huo si ukarimu: sheria ya Title IX ya 1972 inadai usawa wa wanawake na wanaume vyuoni, na makasia husawazisha kikosi kikubwa cha mpira wa Kimarekani. Uliza wangapi wa mwaka wa kwanza walibaki hadi wa pili.

Nimemwandikia kocha, kimya.

Kwa nini umeandika wewe? Aandike mtoto: muda wake wa mita 2000 kwenye mashine na tarehe, urefu, uzito, upande anaopiga kasia, alama za darasani. "Ana bidii sana" hakuna kocha anayeisoma.

Basi konferensi kubwa ni usalama?

Hapana. Mwaka 2020 Stanford hiyohiyo, ikiwa bado Pac-12, ilitangaza kufuta makasia ya wanaume na ya wanawake wa uzani mwepesi, ikageuza uamuzi 2021. Kabla ya kusaini, soma ofa ni ya miaka mingapi, na msaada unakuwaje timu ikifutwa.