Wahakiki maana wanazitoa wapi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Hivi hawa wahakiki wa sanaa maana wanazitoa wapi? Nimesoma kuhusu ule mchoro wa Picasso, yule mchoraji wa Hispania, unaoitwa Guernica, mmoja anasema fahali ni udikteta, mwingine ni Hispania yenyewe, halafu naambiwa Picasso mwenyewe alisema fahali ni fahali na farasi ni farasi. Sa si wanatuzuga tu?

JIBU: Marahaba. Wapo wanaozuga, siwatetei, ila tuanze na Picasso maana naye hakuwa na jibu moja. Mwaka 1945 alimwambia Mmarekani aliyemhoji kwamba fahali ni ukatili na giza, farasi ni wananchi, baadaye ndo ikawa fahali ni fahali. Ukimtegemea yeye peke yake utashika lipi?

Ndo maana mhakiki mzuri anarudi kwenye turubai, yaani mchoro wenyewe. Mi nikisoma uhakiki nadai kitu kimoja, nioneshe kwa kidole. Mwangalie yule farasi kwa karibu, mwili umejaa vistari vifupi vifupi, safu kwa safu, kama maandishi ya gazeti, na mchoro mzima ni mweusi, mweupe na kijivu, hamna hata tone la damu nyekundu japo kuna mama kabeba mtoto aliyekufa. Sasa ongeza hili, mji wa Guernica kule Hispania ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Picasso yuko Paris, habari anazipata magazetini, tarehe 1 Mei kaanza kuchora. Mhakiki akikwambia Picasso msiba huu kaupata kwa kuusoma, hajabuni, kakuonesha vistari.

Halafu kuna picha alizopiga Dora Maar, mpiga picha na mpenzi wa Picasso, kazi ikiendelea, jamani zitafute. Mwanzoni yule askari aliyelala chini alikuwa kanyanyua mkono, ngumi kaikunja, ile saluti ya upande wa Jamhuri kwenye vita hivyo vya Hispania, baadaye Picasso kaifuta, kikabaki kipande cha upanga mkononi na kaua kadogo pembeni. Kwahiyo anayesema huu mchoro ni bango la siasa tupu inabidi akujibu kwanza ile ngumi ilienda wapi.

Kuhusu fahali, kasimama juu ya yule mama, sijui anamkinga sijui anamtisha, nimeangalia miaka na miaka sijaamua, na wanaobishana hapo wote wana cha kukuonesha. Akija wa tatu na maana yake nzuri sana lakini hana pa kuweka kidole, huyo achana naye.