Baba kawekewa stenti ya chuma, sasa anakohoa makohozi yananuka

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana kansa ya koo la hewa, miezi mitatu iliyopita tulimpeleka India akawekewa stenti ya chuma, yaani kibomba cha kushikilia njia ya hewa isizibe, maana alishafika hatua ya kulala amekaa. Karudi anaongea, anakula, akaanza mionzi huku nyumbani. Sasa siku hizi anakohoa makohozi mazito yanayonuka na usiku kifua kinapiga filimbi. Ba'mdogo anasema chuma kimeshika kutu kitolewe haraka. Ni kweli? Mama Salma, Tanga

JIBU: Marahaba Mama Salma, poleni na kuuguza. Kutu hapana, mwambie ba'mdogo atulie, stenti nyingi za siku hizi ni nitinoli, yaani nikeli na titani, haishiki kutu mwilini. Ila mzee ana jambo na linataka kuangaliwa wiki hii, msingoje kliniki ya mwezi ujao.

Koo la hewa lina vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi juu, sasa pale ilipokaa stenti vimefunikwa, makohozi yanakwama hapohapo, yanakauka, bakteria wanaingia na ndio hiyo harufu. Hilo ndilo ninalolishuku kwanza. La pili ni nyama changa, mwili unaota kinyama kwenye ncha za stenti kwa sababu chuma kinasugua, na kama stenti yenyewe ni wavu mtupu usio na kifuniko basi hata kansa inaweza kupenya kwenye matundu ikaziba tena. Yenye kifuniko inazuia hilo lakini huteleza kirahisi zaidi, na hapa watu hushangaa: mionzi ikifanya kazi vizuri uvimbe unasinyaa, stenti inakosa cha kuibana, inahama! Kwa hiyo filimbi hiyo si lazima iwe kansa imeongezeka.

Kwa kusikiliza kifua tu huwezi kujua ni lipi, inatakiwa bronkoskopi, kamera inapita kooni wanaona, makohozi wanayavuta palepale na kinyama wanakiondoa.

Kuhusu kuitoa, msilazimishe. Wavu mtupu ukikaa muda nyama inaumeza kama waya wa uzio uliofungwa kwenye mti, ukiuvuta unachana koo na damu inatoka nyingi. Ndiyo maana mwaka 2005 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya stenti za chuma zisiwekwe ovyo kwa wagonjwa ambao koo limebana bila kansa. Kwa mwenye kansa hesabu ni nyingine, alikuwa anakosa hewa.

Muulizeni daktari habari ya kuvuta mvuke wa maji ya chumvi ya hospitali kwa nebulaiza, ile mashine inayogeuza maji kuwa ukungu wa kuvuta, wengi huelekezwa hivyo kila siku ili makohozi yalainike. Dawa za dukani za kukata kikohozi msimpe, akiacha kukohoa yale makohozi yatatokea wapi? Akianza kutoa damu, akipata homa kali, akishindwa kumaliza sentensi au pumzi ikikwaruza kwa sauti, ni emajensi usiku huohuo.

Na ile karatasi ya India yenye aina ya stenti, urefu na upana wake msiiache nyumbani. Akipelekwa tiata hata kwa ngiri, mtu wa nusukaputi aambiwe kabla, kwa sababu mpira wa kupumulia ukisukumwa bila kujua unaweza kuigonga stenti ikahama.